Mzee wa ukoo alifungiwa hospitali ya vichaa Uingereza: uanzie rejista, jalada, sensa au karatasi za maskini?

Ukifuatilia ukoo wenye mizizi England au Wales, ipo siku utakutana na mtu anayepotea hivihivi. Sensa ya 1881 yuko nyumbani na mke na watoto, ya 1891 mke kaandikwa mjane, ukitafuta kifo cha mume hukioni, unaanza kudhani labda alipanda meli akaenda zake. Kumbe hajafa wala hajasafiri, yuko hospitali ya wendawazimu kaunti ileile na ataishi humo miaka 20 mingine. Familia nyingi ziliona afadhali aitwe marehemu yaishe. Hata wakubwa yamewakuta: Nerissa na Katherine Bowes-Lyon, binamu zake Malkia Elizabeth II, waliingizwa hospitali ya Royal Earlswood mwaka 1941, halafu kitabu maarufu cha koo za makabaila kikachapisha mwaka 1963 kwamba wote wawili wameshakufa, mmoja 1940 na mwingine 1961. Nerissa alifariki 1986, Katherine 2014. Kwa hiyo ile habari ya nyumbani kwamba fulani "alikufa kijana" usiimeze nzimanzima.

Njia kubwa za kumtafuta mtu wa aina hii ni nne, na watu wengi wanakwama palepale mwanzo kwa sababu wanachagua njia kwa umaarufu wa saiti badala ya kuangalia wanachokijua tayari na wanachotaka kukijua. Kujua alikuwa wapi ni swali moja, kujua alikuwa mtu wa namna gani ni lingine, na nani alimpeleka ni la tatu kabisa. Hakuna karatasi moja inayojibu yote.

Nitazipima njia zote kwa mambo yaleyale: unatakiwa uwe na nini mkononi kabla ya kuanza, utarudi na nini, inagusa miaka ipi na wapi kuna kufuli la usiri, inakula hela na jasho kiasi gani, mitego yake, halafu inamfaa nani.

Kabla ya hapo historia kidogo tu, maana bila hii utatafuta mahali ambapo hapakuwepo. Zamani wengi walikaa nyumbani, kwenye nyumba binafsi za kulipia, kwenye nyumba za maskini (workhouse, makazi ya umma ya wasiojiweza), au hospitali ya Bethlem ya London ambayo chimbuko lake ni 1247. Sheria ya 1808 iliziruhusu kaunti kujenga hospitali, chache zikajenga, mfano Wakefield mwaka 1818 na Hanwell mwaka 1831. Sheria ya 1845 ndiyo iliyozilazimisha, na mwaka huohuo wakaundwa Makamishna wa Wendawazimu kukagua na kuandikisha kila anayeingia. Ndiyo maana kuanzia hapo karatasi zinakuwa nyingi ghafla. Na wagonjwa wengi walikuwa maskini waliolipiwa na kodi iliyotozwa kwao kwa ajili ya kusaidia maskini, hili likae kichwani kwa sababu njia ya nne yote imesimama juu yake.

NJIA YA KWANZA: REJISTA ZA TAIFA ZA WALIOINGIZWA

Hizi ni zile rejista za Makamishna, ziko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka pale Kew, namba ya mfululizo ni MH 94. Za 1846 hadi 1912 zimeskaniwa na zinapatikana Ancestry, saiti ya kutafuta ukoo.

Mkononi: jina tu, na makadirio ya miaka. Huhitaji kujua hospitali, na hapo ndipo raha yake ilipo.

Utarudi na nini: mstari mmoja. Jina, mwanaume au mwanamke, analipiwa na familia au ni maskini, hospitali gani, tarehe ya kuingia, halafu pembeni kabisa tarehe ya kutoka au kufa pamoja na hali aliyotoka nayo, yaani amepona, amepata nafuu, hajabadilika, au amekufa. Basi. Hakuna ugonjwa, hakuna mtaa, hakuna mke.

Miaka na kufuli: onlaini mwisho 1912, mfululizo wenyewe unaendelea mbele zaidi lakini huko ni mambo ya Kew. Kabla ya 1846 hamna kitu humu.

Hela na jasho: Ancestry ni ya kulipia, ila maktaba nyingi za umma Uingereza wanakuachia uitumie bure ukiwa ndani ya jengo. Jasho ni dogo, jioni moja inatosha kujua kama jina lipo au halipo.

Mitego: majina ya kufanana. Ukitafuta John Smith utapata msururu, na kwa kuwa umri haupo na mtaa haupo, rejista yenyewe haiwezi kukuambia yupi ni wako. Halafu kila kuingia ni mstari mpya, mtu aliyeingia mara tatu anaonekana watu watatu, na akihamishwa hospitali nyingine anaandikwa upya, kwa hiyo "ametoka, hajabadilika" mara nyingi maana yake hakuenda nyumbani, alihamishiwa kwingine, tafuta mstari mwingine wenye tarehe ileile au ya kesho yake. Na kutomkuta humu hakumaanishi hakuugua, wendawazimu waliobaki kwenye nyumba za maskini hawakuwa wanapita rejista hii.

Inamfaa nani: mwenye jina lisilo la kawaida na asiyejua pa kuanzia. Mwenye jina la kawaida aje hapa akiwa na tarehe kutoka njia nyingine.

NJIA YA PILI: MAJALADA NA VITABU VYA WAGONJWA VYA HOSPITALI YENYEWE

Hapa ndipo mtu anaacha kuwa mstari anakuwa mtu. Hospitali zenyewe nyingi zimeshafungwa na majengo yamegeuzwa nyumba za kuishi, ila vitabu vyake vilihamia hifadhi za kaunti. Hanwell na Colney Hatch ziko The London Archives, Broadmoor, ile ya wendawazimu waliofanya makosa, iko Royal Berkshire Archives mjini Reading, Bethlem ina hifadhi yake yenyewe na sehemu ya rejista zake imewekwa kwenye saiti ya Findmypast, na York Retreat, ile ya dhehebu la Waquaker iliyofunguliwa 1796, nyaraka zake ziko Borthwick Institute, hifadhi ya Chuo Kikuu cha York, na maktaba ya Wellcome walizipiga skani na unazisoma onlaini bure. Kujua ya kwako iko wapi unaingia katalogi ya Discovery ya Kew, unaandika jina la hospitali, inakuonyesha hifadhi na miaka ya vitabu vilivyosalia.

Mkononi: jina la hospitali ni lazima. Tarehe ya kuingia ni karibu lazima. Vitabu hivi ni vizito, vimepangwa kwa mpangilio wa kuingia, wanawake chao wanaume chao, na faharasa za majina haziko kila mahali.

Utarudi na nini: hapa nikae kidogo. Kwanza kuna fomu za kumpokea mgonjwa. Moja ni maelezo ya mgonjwa, maswali yamechapwa na majibu yamejazwa kwa mkono: umri, ameoa au la, kazi, dini, alikokuwa akiishi, hii ni mara ya kwanza au la, mara ya kwanza alikuwa na umri gani, safari hii imeanza lini, chanzo kinachodhaniwa, ana kifafa, anataka kujiua, ni hatari kwa wengine, na jina na anwani ya ndugu. Hilo swali la mwisho peke yake limewafungulia watu matawi mazima ya ukoo. Fomu ya pili ni cheti cha daktari, nacho kina sehemu mbili zilizotenganishwa, dalili alizoziona daktari kwa macho yake, na mambo aliyoambiwa na wengine. Soma hiyo ya pili polepole. Humo ndimo unamkuta mke, mama mkwe au jirani kwa jina, anasema huyu halali siku ya nne, anaongea na dirisha, ametupa nguo za mtoto motoni. Ni sauti ya watu wa kawaida ambao hakuna mtu mwingine aliyewahi kuandika walichosema.

Kisha kitabu chenyewe: hali ya mwili siku ya kuingia, michubuko, uzito, tabia, na maandishi ya daktari siku za mwanzo karibukaribu, baadaye yanapungua mpaka kwa waliokaa sana inakuwa mstari mmoja kila baada ya muda, hajabadilika, anafanya kazi dobi, hajabadilika. Ukurasa ukijaa daktari anaandika endelea ukurasa fulani, fuata hiyo namba, watu wengi wanaishia ukurasa wa kwanza wakidhani habari imeisha. Vitabu vya nusu ya pili ya karne ya 19 vingine vina picha ya mgonjwa imebandikwa (daktari Hugh Welch Diamond wa hospitali ya kaunti ya Surrey alikuwa anawapiga picha wagonjwa tangu miaka ya 1850), na kwa familia maskini hiyo inaweza kuwa picha pekee ya mtu huyo duniani. Mara nyingine unakuta barua alizoandika mgonjwa mwenyewe ambazo hazikutumwa.

Miaka na kufuli: kufuli la kawaida ni miaka 100. Ila angalia, hifadhi nyingi wanaanza kuhesabu kutoka maandishi ya mwisho kwenye kitabu kizima, siyo kutoka siku aliyoingia mtu wako. Mzee aliingia 1908, kitabu kilifungwa 1931, basi unasubiri 2031 au 2032. Ukiwa ndugu wa damu unaweza kuomba mapema, uwe na cheti cha kifo na ushahidi wa undugu, wengine wanakubali kumtazamia mfanyakazi wao ndani ya kitabu na kukutolea kurasa zako tu, wengine wanakukatalia.

Hela na jasho: kusoma ndani ya hifadhi kwa kawaida ni bure, kinacholiwa ni nauli na siku zako. Ukiwa mbali unalipia utafutaji na skani, bei kila hifadhi na yake. Imeili nzuri ni fupi: jina, mwaka wa kuzaliwa, tarehe ya kuingia, namba ya mgonjwa kama unayo. Ukiwatumia historia ya ukoo mzima watakujibu mwisho.

Mitego: ya kwanza, vitabu havipo. Hospitali zilipokuwa zinafungwa mwishoni mwa karne ya 20 kuna rekodi zilitupwa, na kuna mahali walibakiza sampuli tu. Ya pili, mwandiko. Ya tatu ndiyo nzito, kusoma ugonjwa wa wakati ule kama wa leo. Mania na melankolia walizitumia kwa upana sana, dimensia kwenye vitabu hivyo siyo ya wazee tu, kijana wa miaka 25 anaandikiwa. Na ile "kupooza kwa jumla kwa wendawazimu" ambayo imejaa kwenye vitabu vya wanaume ilikuwa kaswende iliyofika kwenye ubongo, jambo lililothibitishwa 1913 Noguchi na Moore walipokikuta kimelea chake kwenye bongo za waliokufa. Kabla hujatangaza hilo kwenye grupu la familia fikiria nani yuko kwenye hilo grupu. Na safu ya chanzo, utakuta ulevi, kujifungua, huzuni, dini kupita kiasi, matatizo ya nyumbani. Hicho ndicho waliomleta walichosema, daktari mara nyingi alikinakili tu.

Inamfaa nani: anayejua tayari hospitali na tarehe, mwenye subira, na aliye tayari kusoma mambo yatakayomkaa kifuani. Kwa anayetaka tu kujaza tarehe kwenye mti wa ukoo ni kazi kubwa mno.

NJIA YA TATU: SENSA NA VYETI VYA VIFO

Mkononi: jina, umri wa kukadiria, mahali alipozaliwa.

Utarudi na nini: uhakika kwamba ni yeye. Sensa ya kila miaka 10 inamweka mtu mahali fulani usiku mmoja, na kuanzia 1871 ina safu inayouliza kama mtu ni mwendawazimu au ana akili pungufu, kwa hiyo hata aliyekuwa bado nyumbani au nyumba ya maskini unaweza kumwona ametiwa alama. Cheti cha kifo kinataja mahali alipofia, sababu na aliyetoa taarifa, ambaye kwa waliofia hospitalini mara nyingi ni mkuu wa hospitali na siyo ndugu. Hilo pekee ni dokezo.

Miaka na kufuli: usajili wa vifo ulianza Julai 1837. Sensa zenye majina ziko wazi 1841 hadi 1921, hiyo ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Safu ya ulemavu kwenye sensa ya 1911 ilifichwa mpaka 2012, kwa hiyo ukikutana na nakala ya zamani imefunikwa rudi uangalie upya. Sensa ya 1931 iliungua moto 1942, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, pengo hilo linazibwa na Rejista ya 1939 iliyoandikwa Septemba 29 mwaka huo, nayo wagonjwa wa hospitali wamo, ingawa wenye chini ya miaka 100 ambao kifo chao hakijathibitishwa wamefunikwa.

Hela na jasho: hii ndiyo nafuu kuliko zote. FamilySearch wana sensa ya 1881 bure, FreeBMD wana indeksi ya vifo bure, na indeksi ya ofisi kuu ya usajili onlaini ni bure pia na inaonyesha umri wa marehemu tangu 1837, ambao kwenye indeksi ya zamani ulianza kuandikwa 1866 tu. Unalipia cheti chenyewe.

Mitego: mikubwa miwili. Wa kwanza ni herufi. Kuna sensa ambazo hospitali ziliandika wagonjwa kwa herufi za mwanzo za majina, kwa hiyo Mary Ann Harris anakuwa M. A. H., na hakuna injini ya utafutaji itakayokuletea hiyo. Dawa yake ni kuiendea hospitali yenyewe ndani ya sensa, ukurasa kwa ukurasa, ukiangalia umri, kazi na mahali pa kuzaliwa. Mjane, 43, mshona nguo, kazaliwa Stepney, M. A. H., hapo moyo unaruhusiwa kudunda lakini bado siyo ushahidi mpaka upate tarehe ya pili inayokubaliana.

Wa pili ni wilaya ya usajili. Kifo kinasajiliwa mahali mtu alipofia, siyo alikotoka. Colney Hatch ilikuwa Friern Barnet, basi mtu wa mashariki mwa London aliyefia humo anaonekana kwenye indeksi chini ya Barnet. Aliyefia Cane Hill, Coulsdon, anaonekana Croydon. Watu wanamruka kwa sababu "sisi hatukuwahi kuwa na mtu Barnet". Ukiona kifo chenye jina na umri sawasawa lakini wilaya ya ajabu, fungua ramani uangalie kama wilaya hiyo ilikuwa na hospitali kubwa kabla hujakitupa.

Inamfaa nani: kila anayeanza bila hela nyingi, na mwenye jina la kawaida anayehitaji kuwachuja akina John Smith mmojammoja. Haimfai anayetaka kujua nini kilitokea, maana sensa haisimulii.

NJIA YA NNE: KARATASI ZA MASKINI, MAHAKAMA NA MAGAZETI

Nimeziweka pamoja kwa sababu zote zinajibu swali moja, nani alimpeleka na kwa nini siku ile.

Mkononi: mahali alipoishi kabla ya kupelekwa, yaani parokia (eneo dogo lililowajibika kwa maskini wake) au muungano wa parokia wa Sheria ya Maskini. Bila hapo umepotea.

Utarudi na nini: kwa maskini utaratibu ulikuwa hivi, familia au polisi wanamwita afisa wa misaada ya maskini, afisa anamwita daktari na kumpeleka mbele ya hakimu, cheti kimoja cha daktari na amri ya hakimu vinatosha. Mwenye hela alihitaji vyeti viwili vya madaktari na ombi la ndugu, hakimu akaongezwa kwao na Sheria ya 1890. Kila hatua iliacha karatasi: rejista ya kuingia na kutoka nyumba ya maskini, daftari la afisa, mihtasari ya vikao vya wasimamizi wa maskini inayotaja jina na gharama ya wiki. Na tamu kuliko zote ni mahojiano ya ukaazi. Parokia zilikuwa zinagombana nani alipe, kila moja inataka kumsukumia mwenzake mzigo, kwa hiyo wanamweka mtu au ndugu yake kitako, ulizaliwa wapi, ulijifunza kazi kwa nani, umepanga nyumba wapi na kodi kiasi gani, umeoa lini. Ubahili wao umetuachia wasifu wa watu ambao hakuna aliyewahi kuwaandikia wasifu.

Kuna kitu kingine kinachoeleza uhamisho mwingi usioeleweka. Mwaka 1874 serikali kuu ilianza kuchangia shilingi 4 kwa wiki kwa kila mwendawazimu maskini aliyeko hospitali, lakini siyo aliyeko nyumba ya maskini. Wasimamizi wakapiga hesabu zao. Ukiona mzee wako amekaa nyumba ya maskini miaka bila shida halafu mwaka 1875 anapelekwa hospitali, usihangaike sana kutafuta tukio lililomtia wazimu.

Kwa waliofanya kosa, kesi za Old Bailey, mahakama ya London, za 1674 hadi 1913 ziko onlaini bure na unaweza kutafuta kwa jina, na aliyeonekana alikuwa na kichaa alipotenda kosa, kuanzia 1863, huenda alipelekwa Broadmoor. Magazeti yako British Newspaper Archive kwa kulipia. Humo kuna uchunguzi wa vifo vya ghafla, watoro wa hospitali, na akina mama waliokutwa mtoni.

Miaka na kufuli: miungano ilianza na sheria ya 1834 na bodi zake zilivunjwa 1930. Sehemu kubwa iko wazi, za karibuni zina kufuli kama la hospitali.

Hela na jasho: jasho ndilo lenyewe. Rejista za nyumba za maskini za London zipo Ancestry, kwingineko mengi bado ni karatasi hifadhini, bila faharasa, unafunua wiki baada ya wiki.

Mitego: familia yenye uwezo haionekani humu. Na magazeti yanapenda kituko, mtu aliyeugua kimyakimya hayakuwa na shida naye.

Inamfaa nani: anayejua alikoishi na anayetaka sababu. Pia aliyekuta vitabu vya hospitali vimetupwa, maana karatasi za waliolipa zinaweza kuwa zimesalia hata kama za waliotibu hazipo.

Uone zinavyoshikana, mfuate Hannah Chaplin, mama yake Charlie Chaplin. Nyumba ya maskini ya Lambeth, halafu Cane Hill mwaka 1898, anatoka, anarudi 1903, anatoka tena, anarudi 1905, kisha 1912 wanawe wameshapata hela wanamhamishia Peckham House, nyumba ya kulipia. Anayetazama karatasi za maskini tu anamwona anaisha Cane Hill. Anayetazama rejista tu anaona mistari kadhaa bila kujua kwa nini daraja lake limebadilika kutoka maskini kuwa mwenye kulipa. Ukiwa na majibu yote mawili ndiyo unaelewa kwamba ni watoto waliokua.

Kwa Scotland na Ireland usitumie mpango huu ulivyo. Scotland ina rejista yake kuu, mfululizo wa MC7, National Records of Scotland, Edinburgh, inayoanzia miaka ya 1850. Ireland sensa za 1901 na 1911 ziko onlaini bure lakini wagonjwa wa hospitali humo ni herufi za majina tu, na majalada yaliyobaki yametawanyika.

SASA WEWE UKO WAPI?

Una jina la nadra na hujui kingine: rejista za taifa kwanza, ukipata mstari unaandikia hifadhi ya hospitali hiyo imeili wiki hiyohiyo.

Una jina la kawaida: sensa na vyeti kwanza mpaka uwe na mwaka na hospitali, ndipo urudi rejista kuthibitisha. Ukienda kinyume utalipia vyeti vya watu wa wengine.

Una cheti cha kifo chenye jina la hospitali tayari: ruka kila kitu, nenda majalada. Ila tarehe ya kuingia bado huna, rejista za taifa zitakupa hiyo kama ni kabla ya 1912.

Mtu wako alipotea kabla ya 1845: karatasi za parokia, na Bethlem kama alikuwa London. Kwingine matarajio yawe madogo.

Alikuwa wa familia yenye uwezo: karatasi za maskini achana nazo, tafuta nyumba za kulipia kwenye rejista za taifa, wenye kulipa wana vitabu vyao tofauti na vya maskini.

Alipotea kati ya 1915 na 1919: kumbuka hospitali kadhaa zilichukuliwa na jeshi kwa ajili ya majeruhi na wagonjwa wakatawanywa kaunti nyingine, na vifo vya wagonjwa vilipanda sana miaka ya mwisho ya vita. Tafuta kifo kaunti za jirani, siyo hospitali uliyoizoea tu.

Alikuwa ndani baada ya 1925 hivi: kufuli litakusumbua kwenye majalada, kwa hiyo fanya kazi na Rejista ya 1939 na cheti cha kifo, huku ukituma ombi la ndugu wa damu kwa hifadhi. Na utafute kwa majina mapya ya hospitali, sheria ya 1930 iliondoa majina ya zamani na 1948 nyingi zikaingia huduma ya taifa ya afya.

Unachotafuta ni kaburi tu: cheti cha kifo kwanza, halafu uliza hifadhi ya kaunti kama rejista ya mazishi ya hospitali ipo, kwa sababu makaburi ya hospitali mengi hayakuwa na mawe, yalikuwa na namba au hayakuwa na kitu. Makaburi ya Horton kule Epsom wamezikwa wagonjwa wapatao 9,000 kati ya 1899 na 1955, na ardhi yenyewe iliuzwa kwa mtu binafsi mwaka 1983. Uliza kabla hujakata tiketi, maana si kila mahali utaruhusiwa kuingia.